Tabaga ya Mama na Wale wa Yei

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Arua

"Wanubi wa Uganda walijifunza tabaga kwetu sisi wa Sudan. Walikuja mikono mitupu, wakarudi na ufundi wetu. Leo wanasema iko yao."

Maneno ya Mastura hayo. Ameyatuma kwa sauti kwenye kundi la simu la wanawake wasusi, Arua na Koboko nzima imesikia. Nimeyasikiliza mara tatu nikichambua maharage. Mara ya tatu nimeyamwaga.

Uongo mtupu. Kwanza, babu zetu walifika huku askari, bunduki begani, wake zao nyuma, na wake hao walisuka kambini kabla hapajawa na mpaka wa kubishania. Pili, rangi. Ile zambarau yetu inayokaa ubavuni mwa kijani kikali hukutani nayo nyumba ya Yei, ng'ambo Sudan, isipokuwa imetoka Koboko. Tatu, mama yangu. Marehemu Mama Zainabu alianza kusuka akiwa msichana, Koboko, na tabaga yake iko ukutani hapa ninapoandika. Anayetaka ushahidi aje auangalie.

Kumbuka kuwaeleza wasikilizaji wa kipindi changu cha Ijumaa redioni, wale wasio Wanubi: tabaga ni kile ambacho watu wa pwani huita kawa. Kifuniko cha chakula. Ila yetu haisukwi kama mkeka. Unachukua kicha chembamba cha nyasi, unakizungushia ukindu wa rangi, unakiviringisha kuanzia katikati kama konokono, unashona duru kwa duru. Ndani huoni. Nje ni maua.

Maonyesho ya mpakani, Koboko, ni Jumamosi ya tarehe 15. Meza tatu: Uganda, Sudan Kusini, Kongo. Kila meza itaandikisha kitu kimoja cha kwao na kamati itakitia kwenye bango kuwa ni cha nchi hiyo. Meza ya Uganda nimepewa mimi. Meza ya Sudan Kusini wamempa Mastura, ambaye anaishi Omugo kwenye makazi ya wakimbizi tangu Yei ilipoharibika kwa vita.

Ni binti wa mama yangu mkubwa. Haidhuru. Hoja ni hoja.

Jumanne, 4 Novemba

Aziza amerudi kazini saa kumi na moja, nikamsomea nilichoandika. Mwanangu huyu alisomea ufamasia Malaysia miaka minne. Nikamwuliza: kule wakigombania urithi wanafanyaje?

Akacheka. Akasema alikaa nyumba moja na wasichana wawili, Nurul wa Malaysia na Dewi wa Indonesia. Wote asili yao Malay. Walikuwa wakigombana kila wiki. Kitambaa cha batiki ni cha nani. Ile nyama ya kukaushwa kwenye tui la nazi ni ya nani. Wimbo fulani wa watoto ni wa nani. Dewi alikuwa akisema, ninyi mkiona kitu kizuri kwetu mnakibandika bendera. Nurul akajibu, bibi yangu alikipika kabla nchi yenu haijapata hiyo bendera.

Safi kabisa. Nimeandika yote. Kumbe nchi mbili za ndugu, zenye vyuo na ndege zao, zinabishania sufuria bila aibu. Basi mimi nionee aibu gani tabaga? Wenye akili huandikisha mali yao mapema.

Aziza akasema, "Mama, hujaniacha nimalize."

Nikamwambia atamaliza kesho. Nilikuwa na makala ya kuandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetoka redioni sasa hivi. Studio iko chini ya Arua Hill, nimeshuka kwa miguu, watu wawili wamenisimamisha njiani kunipa mkono.

Nilikuwa mkali. Nilikuwa mzuri. Nimevunja hoja ya Mastura kipande kwa kipande: askari, rangi, mama yangu. Nimewataja Wamalay, nusu ya mji haijapata kuwasikia. Halafu, mwishoni, sentensi ambayo sikuwa nimeiandika ikatoka yenyewe: "Anayeishi kwa chakula cha msaada Omugo asije kutuambia jikoni mwetu kuna nini."

Simu zilijaa. Wote upande wangu.

Aziza hajala na mimi. Amebeba sahani yake kwenda chumbani. Harusi yake ni tarehe 29, ana mengi kichwani.

Jumapili, 9 Novemba

Mastura amejibu. Hakujibu kwenye kundi. Amenitumia mimi peke yangu. Nayanakili kama alivyoyasema.

"Mwalimu Hajara. Dada. Nimesikia wewe redioni. Mama pia amesikia, redio ilikuwa mkononi mwake. Hiyo tabaga ya mama yako unajisifia nayo, chana basi. Chana uangalie ndani kama iko nyasi ya Koboko. Nyasi ya Koboko mimi najua, na ya Yei najua. Wewe hujui hata kushika sindano. Halafu ile kazi ya harusi, tafuta mutu mwingine. Mimi harusi nitasikia redioni."

Nimeketi.

Kwetu chakula cha kwanza kinachotoka nyumba ya bibi arusi kwenda kwa mume hufunikwa tabaga, na tabaga hiyo hubebwa na dada wa mama. Mama haibebi. Jirani haibebi. Dada wa mama, au kama mama hana dada wa tumbo moja, binti wa mama mkubwa. Mimi sina dada wa tumbo moja. Ninaye Mastura tu. Watu wa Pajulu, kwa wakwe, watatazama nani amebeba. Wakiona ni mwanamke wa kuazimwa, watajua kwamba Aziza ametoka nyumba isiyo na watu.

Aziza nimemwambia. Akaendelea kukunja nguo zake za harusi. Afadhali angepiga kelele.

Nitabebesha tabaga ya mama yangu. Nani ataibeba nitajua baadaye.

Jumatano, 12 Novemba

Hili sijawahi kuliandika popote. Naliandika hapa kwa sababu jana nilidanganya tena, mbele ya kamati, waliponiuliza nimesomea wapi shule ya msingi. Nimesema Koboko.

Nilisoma Yei.

Vita vya mwaka wa 79 vilitutoa Koboko nikiwa na miaka saba. Tulirudi nina kumi na nne. Miaka yote hiyo tulikula nyumbani kwa Mama Safia, dada mkubwa wa mama yangu, aliyekuwa ameolewa na mfanyabiashara wa kule. Nililala mkeka mmoja na Mastura. Nguo yangu ya kwanza ya shule ilikuwa yake. Baba yangu, sajini, alikwenda vitani na hakurudi, hatukuletewa hata habari.

Kwa nini nalificha? Kwa sababu nimeishi Kampala. Nimeambiwa sokoni, ofisini, mara moja hata msikitini: ninyi Wanubi ni wa Sudan, rudini kwenu. Nimetumia miaka thelathini kujibu sentensi hiyo kwa vitabu, kwa makala, kwa koo. Nikikubali kwamba nililelewa Yei, nimewapa kamba ya kuninyongea. Ndiyo maana siwezi kumwachia Mastura hata neno moja. Si kwamba simpendi. Namwogopa.

Basi. Nimeliandika.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeichana.

Nilifikiri hivi: Mastura amesema chana. Kwa hiyo nitachana. Nitaweka mezani Koboko, moyo wa nyasi ukionekana, na nyasi za Koboko pembeni, kila mtu alinganishe. Ushahidi wa kushikika. Nani atabisha? Mtu anayejua kusuka asingefikiria ujinga huu hata dakika moja. Mimi ni mtu wa vitabu. Kwangu kila kitu ni cha kufunguliwa.

Nilichukua wembe baada ya chai. Nikakata ukindu wa duru tatu za nje, upana wa kiganja. Ukindu wa miaka arobaini na zaidi ni mkavu. Haukatiki kama uzi, unapasuka. Duru moja ikafungua nyingine. Nilijaribu kuibana kwa vidole.

Hakuna nyasi.

Ndani ni kitambaa. Vipande vimechanwa kwa urefu, vimesokotwa, vimefungwa kama kamba. Nikavuta kimoja. Kaki. Kaki nzito, na mshono wa kiuno bado upo, na tundu la kifungo.

Nikakata karibu na katikati. Hapo nyasi. Nyasi duru nane, halafu kaki, kaki, kaki hadi pembeni.

Nilijua kabla sijataka kujua. Ile kaki niliipiga pasi kwa macho kila asubuhi nikiwa mtoto, nimesimama mlangoni, yeye akivaa.

Kila Idi tumefunika wali kwa nguo ya baba yangu.

Sijamwonyesha Aziza. Nimeifunika kwa khanga.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo sikwenda redioni. Mara ya kwanza tangu kipindi kianze. Nimewaambia nina homa.

Nilikwenda Omugo.

Mama Safia yuko kwenye nyumba ya udongo yenye turubai upande mmoja. Macho yamekwisha kabisa. Mastura alikuwa nje anashona, mbele yake beseni la ukindu wa kijani. Aliniona. Hakusimama, hakuacha sindano. Akasema tu, "Redio imekuja na miguu."

Nilimpita. Niliingia nikapiga magoti, nikamwekea mama mkubwa tabaga mapajani.

Aliishika. Vidole vyake vilianza katikati, vikazunguka, taratibu, vikafika kwenye mchano. Vikasimama.

"Panya?"

"Mimi, mama."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

Akaanza kusema, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Kwamba mama yangu alikimbia na vitu viwili tu mbali na watoto: tabaga aliyoianza, bado ndogo kama sahani, na sare ya pili ya mume wake. Kwamba siku zile Yei watu walisema nyumba itakayokutwa na nguo ya jeshi la Uganda, mwenye nyumba atachukuliwa. Mumewe Mama Safia aliogopa. Akasema ichomwe. Mama yangu akakataa. Akasema baba yangu akirudi atavaa nini.

"Nikamwambia Zainabu, leta. Watoto nikawatuma maji. Nikapasua mimi, yeye hakuweza. Suruali kwanza, halafu shati. Yeye alisuka kwa mukono yake mpaka hapa." Kidole chake kwenye duru ya nane. "Toka hapa iko mukono yangu. Yeye alikuwa analia, ukindu inalowa. Askari walikuja wiki ile. Walikula hapo. Tabaga ilikuwa juu ya sahani ya asida, mbele yao."

Nikauliza kwa nini hawakuniambia.

"Wewe unaongea sana. Toka mutoto."

Mastura alikuwa mlangoni. Sindano mkononi. Hakuwa akijua, nimeona usoni mwake kwamba hakuwa akijua. Alinituma nikachane kwa ajili ya nyasi.

Nilisema nisamehe kwa ile sentensi ya chakula cha msaada. Akaniambia, "Niliisikia redioni. Iseme redioni." Akarudi kwenye beseni lake.

Ana haki. Nimekasirika njia nzima kwa sababu ana haki.

Jumamosi, 15 Novemba. Koboko

Nimebeba tabaga ilivyo, imechanika. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kwa nini nimeleta kitu kibovu. Nikamwambia katikati ni Koboko na pembeni ni Yei, aniambie niiweke meza ipi. Akaangalia meza. Akaangalia orodha. Akasema fomu ina nafasi ya nchi moja tu.

Mwanamke wa meza ya Kongo, mnene, mcheshi, akainuka: "Ninyi wawili nani aliwadanganya? Kwetu Aru mutu anasuka hii tangu zamani. Nyanya yangu alisuka. Andika Kongo!"

Mastura akacheka. Mimi pia, kidogo, nikasikia uchungu mbavuni. Halafu akaacha kucheka na kugeuza uso. Kumbe bado.

Meza ya Uganda imeandikisha asali. Sudan Kusini, mikeka. Kongo, tabaga. Mwenyekiti alipiga muhuri haraka, apate kwenda kula.

Wiki mbili zilizopita ningechoma moto hema lile.

Jumapili, 16 Novemba

Aziza alikuta kaki juu ya kitanda changu, kipande kilichobaki. Nikamweleza yote, na Yei pia. Hakushangaa kuhusu Yei. Anasema alijua tangu mdogo, kwa sababu nikihesabu peke yangu nahesabu kwa Kiarabu cha Juba.

Halafu amemaliza ile habari aliyoianza. Mwaka wa mwisho mama yake Dewi aliugua ghafla akiwa amemtembelea mwanawe. Aziza hakuwa akijua kumweleza daktari, lugha bado ilikuwa nzito. Dewi alikuwa analia tu. Nurul ndiye aliyekaa na yule mama siku tatu hospitalini, akamwosha, akampikia ile nyama. Yule mama akasema chumvi imezidi, ndivyo mnavyoiharibu ninyi wa Malaysia. Wakabishana hapo hapo, mgonjwa kitandani, kwa lugha ambayo wote wawili wanaisikia bila mkalimani. Na bibi yake Nurul, kumbe, alizaliwa Sumatra, ng'ambo ya Indonesia.

"Hawakuacha kugombana, mama. Ila hakuna aliyemwambia mwenzake wewe ni wa chakula cha msaada."

Mwanangu ana ulimi wangu. Umenikata vizuri.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeisema redioni. Bila karatasi.

Nimesema: wiki mbili zilizopita nilimtukana mwanamke wa Omugo kwa chakula anachokula. Mimi nilikula chakula cha mama yake miaka saba, Yei, nikiwa mkimbizi. Nilisoma shule ya kule. Mama yangu alifichwa na dada yake. Tabaga niliyojisifia nayo imeshonwa na mikono miwili. Nimekosa. Namwomba Mastura radhi, na mama yake.

Simu ya kwanza: "Mwalimu, kama roho yako iko Sudan, rudi huko."

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alinitukana kwa Kilugbara, fundi mitambo akaikata.

Sentensi niliyoikimbia miaka thelathini, nimeipata moja kwa moja hewani, katika mji wangu, kutoka kwa watu wangu. Nilisubiri niumie. Niliumia. Halafu nikaona bado nimekaa kwenye kiti, maikrofoni bado iko mbele yangu. Nikajibu: nitakwenda Yei, nitasalimia, nitarudi, na kipindi ni changu mpaka saa saba.

Mastura hajatuma neno. Zimebaki siku nane.

Jumatano, 26 Novemba

Tabaga niliirudisha Omugo siku ya maonyesho, nilimpa dereva ampelekee Mama Safia. Sina habari yake. Ukutani pamebaki duara jeupe.

Nimemwomba mke wa imamu abebe chakula. Amekubali, lakini aliuliza mara mbili, "Huna dada?"

Ijumaa, 28 Novemba

Hakuna habari. Tumemenya vitunguu. Aziza amepakwa hina. Ameniambia haidhuru akibeba mke wa imamu. Anasema uongo kwa sababu ananipenda. Hili nalo sikumfundisha.

Jumapili, 30 Novemba

Jana saa tatu asubuhi, masufuria yamekwisha kupangwa, mke wa imamu amekwisha kujifunga nguo yake ya gurbaba yenye nakshi, Mastura aliingia. Hakubisha hodi. Mtu haombi hodi nyumbani kwake. Alimtazama mke wa imamu, akamwambia kwa adabu, "Asante mama. Kaa upumzike," akachukua nafasi yake.

Tabaga ilikuwa kichwani.

Ameishona. Palipochanika amejaza nyasi, sijui za wapi, na mimi sikuuliza. Juu amezungusha ukindu wa manjano, rangi ambayo haipo popote pengine kwenye tabaga ile. Angeweza kutafuta zambarau. Hakutaka. Kovu linaonekana kutoka barabarani.

Akanong'ona, "Ili kesho usisahau nani alichana."

Alibeba hadi Pajulu. Nilitembea nyuma yake na wanawake wengine. Mmoja wa wakwe aliuliza yule ni nani. Nikasema, dada yangu. Wa Yei. Nilitamka Yei kwa sauti, wakasikia hadi uani.

Chakula kilipofunuliwa alinigeukia, akasema kisira yangu, mkate unaotakiwa kuwa mwembamba, ni nene, ndivyo tulivyoiharibu sisi wa Uganda. Tulibishana mpaka wageni wakala wenyewe. Kuhusu nani alimfundisha nani kusuka bado hatujakubaliana. Nina hoja mpya mbili. Nitazitumia.

Leo nyumba imetulia. Maharage yanachemka. Ukutani duara jeupe limebaki jeupe, tabaga iko kwa Aziza. Kile kipande cha kaki nimekikunja, nimekiweka ndani ya daftari hili, ukurasa wa tarehe 13.

Nimeandika ya kusema Ijumaa. Ni mafupi.

Ninyi mlionipigia simu kuniambia nirudi Sudan. Ninyi wa Koboko, wa Arua, wa rika langu, mnaojua Kiarabu cha Juba kuliko mnavyokubali. Sitaki tena kusikia tabaga ni ya nchi gani. Pigeni simu mtaje jina la mwanamke wa ng'ambo aliyempokea mama yenu. Jina tu. Wangu anaitwa Safia, bado yu hai, yuko Omugo, na redio iko mkononi mwake. Tajeni wenu.